Kichwa cha Gia cha Pembe

Nusura nimwondoe baba barabarani, tena kwa mapenzi na kwa mshahara wangu wa kwanza.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu aliyobebea pamba za watu kutoka kwetu Butiama hadi kiwandani Bunda. Miaka ile ya shida, hata sabuni ikipatikana kwa kujuana, kichwa cha gia, kile kinachoshikwa wakati wa kubadilisha gia, kilipasuka na spea hakuna. Akachonga kingine kwa ncha ya pembe ya ng'ombe, akakitoboa kwa msumari wa moto. Kilikuwa kibaya, jamani! Kimepinda, kina mabonde matatu, kimeingia weusi wa jasho.

Baadaye biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa. Musoma, nilikoanza kazi ya ukarani, nilichagua asubuhi nzima, nikachukua kichwa cha gia chekundu cha kung'aa. Jumamosi nikakifunga mwenyewe, kile cha pembe nikakitupa nyuma ya nyumba. Baba alinibariki. Kwetu zawadi ya mshahara wa kwanza wa mtoto haikataliwi wala hairudishwi.

Wiki mbili baadaye nilimkuta amekaa uani.

"Nataka niuze gari, mama," aliniambia. "Mkono umechoka. Kwenye kilima hapo chini gia ya pili iliniponyoka, gari likarudi nyuma na pamba za watu."

Nikautazama ule mkono wa kushoto. Ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilikatwa na mnyororo wa lori kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimeuzoea hadi nikaacha kuuona. Yale mabonde kwenye pembe yalikuwa makao ya vidole vilivyobaki. Niliona aibu, kisha nikamkasirikia kwa kutoniambia, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Angeniambiaje?

Nilipekua nyuma ya nyumba mpaka magoti yakauma. Hakuna kitu.

"Unatafuta nini huko?" mama akauliza.

"Kile cha pembe, cha gia."

"Si nilikiokotaga siku ileile!" Akanionyesha mtungi wa maji. Alikuwa amekipigilia katikati ya mfuniko wa mbao, kiwe mshikio.

Nilimkumbatia mama hadi akashangaa. Nikaking'oa, nikaenda kwa baba.

"Baba, mfuniko wa mama hauna mshikio. Naomba kile chekundu."

Kuomba si kurudisha. Baba alinitazama, akaitazama pembe mkononi mwangu, akacheka mpaka akakohoa. Alikifunga cha pembe mwenyewe, akaketi kwenye usukani, vidole vyake vikaingia mahali pake bila kutafuta.

"Nilikuwaga nadhani nimezeeka," alisema.

Akateremka hadi chini ya kilima, akageuza. Nilisimama juu. Gari likaanza kupanda. Injini ikapumua kidogo, gia ya pili ikaingia, na baba akanipita akipiga honi. Mimi nikakaa chini palepale kwenye nyasi, nikicheka kwa furaha.