Mgomba Tuliouzika Mahali pa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipelekwa ng'ambo na wakala wa kazi, akiamini anakwenda kulinda ghala. Huko wakamvisha magwanda, wakampa bunduki, wakampeleka kwenye vita ambavyo hakuna mtu hapa Meru aliyejua vilianzia wapi. Tulijua amekufa kwa sababu mwenzake alitutumia picha kwa simu. Sitaki kuieleza.

Kwetu mtu akifiwa, majirani huja kila jioni. Huimba, hunywa chai, huchanga. Safari hii walikuja wachache, wakakaa karibu na lango kama watu wenye haraka. Sokoni Gakoromone, ambako mama huuza ndizi, nilimsikia mwenye meza jirani akisema, "Si alienda kuua watoto wa wenyewe? Wacha wakule hiyo pesa." Pesa gani? Hatukuwa tumeona hata ya nauli. Nilitamani kumpindulia meza yake. Mama alinivuta mkono, akaendelea kupanga ndizi.

Kisha tukapigiwa simu kutoka Nairobi: mwili ungefika Alhamisi. Baba alifurahi. Ndiyo, alifurahi, Mungu atusamehe. Alhamisi asubuhi akaita vijana wachimbe kaburi kabla hatujauona mwili wenyewe, na hapo ndipo alipokosea. Adhuhuri simu ililia tena. Mwili haukuwa ndani ya ndege. Hakuna aliyejua uko wapi, wala kama uko.

Kwetu kaburi lililochimbwa halilali wazi. Likilala wazi, wazee husema, litaita mwingine wa boma lile. Kama hakuna maiti, huzikwa mgomba.

"Leteni ule ulishatolewa mkungu," baba aliwaambia vijana. "Huo utaanguka tu wenyewe."

Mama alikuwa ameketi chini tangu simu ile. Akasimama.

"Huo umezaa," alisema. "Wangu hakuwa amezaa."

Akachukua panga, akaingia shambani, akauangusha mwenyewe mgomba mchanga uliokaribia kuchanua. Alikataa kusaidiwa kuubeba.

Mchungaji hakuja; alisema hajui azike nini. Baba akaomba mwenyewe, maneno machache, akakwama katikati. Mama hakulia. "Nikilia nitakuwa nimekubali," aliniambia. Mimi nililia kwa hasira. Nikawalaani waliompeleka, na wale wa sokoni nikawatia humo humo.

Tulipokuwa tukinawa mikono, mmoja wa wachimbaji alinikaribia. Ni kijana wa jirani, amemaliza chuo na bado anabeba mawe ya ujenzi. Nilidhani anataka kunipa pole.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "yule mtu alipeleka bro, uko na namba yake?"

Nilimwambia sina. Akanishukuru kwa heshima, akaenda kumuuliza mama.