Mgeni Asimame Asalimie Kanisa

Sijawahi kukutana na watu walioipenda Israeli kama washirika wa kanisa letu la Kitengela, wala watu waliowadharau Wayahudi kama wao. Waliyafanya yote mawili katika ibada moja na hakuna aliyeona ajabu. Kwenye mabati nyuma ya madhabahu walichora nyota ya bluu yenye pembe sita. Mchungaji alifungua ibada kwa kupuliza pembe ya tandala, mpaka Jumapili moja mzee Mmaasai wa jirani akaja na rungu lake kuuliza ni mkutano gani umeitwa, maana kwao pembe ile huita watu kwa jambo la maana. Akaambiwa ni desturi ya Israeli. Akatazama watu wakirukaruka, akatema mate chini, akarudi kwa ng'ombe wake. Najua kwa Wamaasai mate huwa baraka. Yale sidhani.

Mchungaji alikuwa debe tupu, na debe tupu haliachi kuvuma. "Sisi ndio Israeli!" alinguruma. "Wale wengine walikatwa!" Agano la Kale alilifanya ghala lake binafsi. Baraka za Abrahamu alizichukua zote, laana za manabii akawaachia Wayahudi. Torati, alisema, ilikufa msalabani. Ilikufa yote isipokuwa fungu la kumi, ambalo lilifufuka kila Jumapili saa tano kamili.

Mimi nilikuwa katibu wa kanisa hilo, kwa hiyo msidhani nasimulia nikiwa nje ya dirisha. Upuuzi wote huo niliuandika kwenye kitabu cha kumbukumbu kwa mwandiko mzuri.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha. Siku za kazi nilikuwa karani katika shamba la maua upande wa Isinya, na nilikaa Kitengela na mama yangu. Mama alikuwa mwalimu mstaafu. Alitoka magharibi akiwa bibi harusi, akafundisha Kajiado mjini mpaka nywele zikageuka mvi, na baba alipofariki nilimleta kwangu kwa sababu macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Kila asubuhi kabla ya chai nilimsomea Zaburi moja. Nikikosea neno alinirekebisha, maana alizijua zote kwa moyo. Nadhani alitaka tu kuisikia sauti.

Pale shambani palikuwa na mtaalamu wa maji kutoka Israeli, aliyekuja kufunga mipira ya kunyunyizia maua tone kwa tone. Hakuwa mtu wa dini. Alivuta sigara kama tanuri la makaa, alizigombeza pampu kana kwamba zina masikio, na Kiswahili chake alikiokota kwa akina mama wa kuchuma maua, pamoja na matusi mawili ya Kikamba. Lakini tulielewana. Siku moja nilimleta nyumbani kunywa chai.

Mama alipojua ni Myahudi, hakumuuliza habari za safari wala za familia. Alimuuliza, "Zaburi unazijua?"

Akacheka. "Babu yangu alinifundisha. Nikiwa kidogo, kila siku. Mimi hapana omba sana, mama, lakini ziko hapa." Akagusa kichwa.

"Kwa lugha yenyewe?"

"Kwa lugha yenyewe."

Mama akasema maneno ambayo siku ile niliyachukulia kama ya utu uzima tu. "Nimesoma haya maneno miaka yangu yote kwa lugha ya kuazima. Ningetaka kusikia mara moja tu vile mama yake Yesu alimfundisha."

Yule bwana aliona haya kama kijana. Akaahidi kuja na kitabu. Mama, kwa wema wake, akasema aje kanisani Jumapili ili na wengine wasikie, na akaenda mwenyewe kumwomba mchungaji ruhusa. Mchungaji alifurahi kupita kiasi. Mtu wa taifa teule kwenye madhabahu yake! Mama alimuuliza kama alijua Yesu aliomba Zaburi kwa lugha gani. "Kwa lugha ya Roho, mama," akamjibu.

Jumapili hiyo ilikuwa na uzito wake kwangu. Harusi yangu ilikuwa imetangazwa Jumapili mbili, na tangazo la tatu lilikuwa kwenye ratiba, mara tu baada ya salamu za wageni. Lisiposomwa hilo la tatu, mchungaji hakufungishi ndoa, na ndugu za mchumba wangu walikuwa wamekuja kulisikia.

Mgeni wangu alifika amevaa shati jeupe. Mlangoni akatoa kikofia cha duara mfukoni, akakivaa. Mhudumu akamzuia: wanaume hawaingii kwa nyumba ya Mungu na kofia. Nyuma ya mhudumu huyo ile nyota ya bluu inang'aa ukutani kama bango la duka! Nilimnong'oneza mhudumu amwache, akamwacha huku amevimba.

Sasa, kwetu mgeni hakai hivi hivi. Husimama, akasema anatoka kanisa gani na alimpokea Yesu lini, ndipo watu humpigia makofi. Mama na mimi tulikuwa tumeiona desturi hiyo mara nyingi hata hatukukumbuka kumwonya.

"Mgeni asimame asalimie kanisa!" mchungaji akaita.

Akasimama na kitabu chake mkononi. "Jambo. Mimi natoka shamba ya maua. Kanisa hapana, mimi Myahudi. Mama aliomba nisome Zaburi."

Haleluya zikapasuka mpaka mabati yakatetemeka. Mchungaji akainua mkono. "Amen. Lakini umeokoka?"

"Hapana."

Mchungaji akakunja uso.

"Basi hii Zaburi utasoma aje, na hujui inaongea juu ya nani?"

"Babu yangu alijua."

"Babu zako ndio walisulubisha Bwana!" Povu lilimtoka. "Piga magoti leo! Piga magoti, taifa lako lirudi!" Na watu wale wale waliokuwa wakishangilia wakaanza kumnyooshea mikono na kukemea pepo. Pepo! Mtu amekuja kumsomea mama mzee.

Alifunga kitabu. "Pole, mama," akasema, akatoka.

Mama akasimama. Hakupaza sauti, lakini alikuwa amefundisha darasa la watoto sitini na alijua kusikika. "Mchungaji, Yesu alitahiriwa siku ya nane kama watoto wa huyu mtu. Alisoma kwa sinagogi lao. Hicho kitabu umeshika ni chao, sisi tumeongezea tu mwisho. Mkataa kwao ni mtumwa."

Akaanza kutoka akipapasa mabenchi. Alipofika kwangu aliweka mkono begani mwangu na kungoja. Sikumbuki alingoja kwa muda gani. Nilitazama kitabu cha kumbukumbu, nikaandika tarehe, ambayo nilikuwa nimeshaiandika. Mkono ukaondoka. Yule Myahudi alirudi mpaka mlangoni, akamshika, wakatoka pamoja.

Mchungaji akasoma tangazo la tatu. Akauliza kama kuna mwenye sababu ya kuzuia ndoa hii. Hakuna aliyekuwa nayo. Kupitia mabati nilianza kusikia sauti ya mwanamume ikisoma polepole, karibu kuimba, na mchungaji naye akaisikia, kwa sababu aliagiza kwaya ipige ngoma zote. Nilipiga makofi pamoja nao.

Ibada ilipoisha nilimkuta mama peke yake, ameketi juu ya mawe ya kujengea, uso umelowa. Nilimuuliza ilisikikaje. Akasema twende nyumbani. Baada ya wiki chache yule bwana alimaliza kazi yake akarudi kwao, na shambani hakunisemesha tena zaidi ya mambo ya mipira. Mchungaji alinifungisha ndoa. Mama alihudhuria, akavaa vizuri, akala.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia alifanyiwa upasuaji wa macho, ukafaulu. Akaanza kujisomea mwenyewe, na mimi asubuhi sikuwa na kazi. Siku moja nilimkuta ameshika kitabu cha Zaburi, midomo ikicheza bila sauti, na nikamwomba, kwa kweli nilimsihi, aniambie alisikia nini siku ile.

Hakuinua uso. "Ungetoka, ungesikia," alisema, akafungua ukurasa mwingine.