Anauchora mlima, mdogo wake anaupanda

Saa mbili asubuhi mlima umeshafika mezani. Mchora ramani anausogeza kwa kipanya: kilele cheupe, mabega ya kahawia, na huku chini tambarare imelala kijani. Anashuka kutoka kileleni hadi bondeni kabla chai yake haijapoa.

Rangi hizo si mapambo. Setilaiti hupima urefu wa ardhi kutoka angani, vipimo vinaingia kwenye kompyuta yake, naye anavisafisha mpaka vionyeshe wapi nchi inapanda na wapi inashuka. Ramani anayoiandaa sasa ndiyo itakayoamua mfereji wa maji upite wapi kutoka mlimani kwenda mashambani.

Simu inalia. Ni mdogo wake, mpima ardhi, ambaye ofisini wanamwita Mbuzi kwa jinsi anavyokwea.

"Dada, huku baridi! Meno yanagongana."

"Si ushuke."

"Niache mandhari yote haya?"

"Nipe vipimo. Mandhari baki nayo."

Anakata simu, anabenua mdomo. "Umemsikia? Makusudi hayo," ananiambia. "Nampenda, tumbo moja sisi. Lakini wivu ninao, nikufiche nini?"

Walisoma upimaji chuo kimoja. Nafasi ya kwenda mlimani ilipotokea, dada mtu alikuwa na mimba ya miezi saba. Yeye akapewa kiti, mdogo wake akapewa mlima. Mtoto sasa anakimbia. Mama bado yuko kitini.

Kilichomchoma zaidi ni kosa la mwezi uliopita. Kwenye ramani yake kilitokea kilima kirefu, chembamba, kimeikatiza tambarare chini ya mlima. Wahandisi wakaanza kupanga jinsi ya kuuzungusha mfereji. Mbuzi alipofika pale akapiga simu, kicheko kimemkaba: "Dada, kilima gani? Hii si miti!"

Setilaiti ilikuwa imepima vilele vya miti, na dada akasahau kuiondoa miti hiyo kwenye vipimo ili ardhi yenyewe ionekane.

"Sikuumia kwa kukosea, nani hakosei?" anasema. "Niliumia kwa sababu mwenzangu alikuwa amekaa kivulini mwa kilima changu, anakula ndizi."

Wiki ijayo timu itapanda tena kuhakiki vipimo vya mwisho, na nafasi ya mpima ni moja tu. Ndugu wote wawili wameiomba. Mbuzi alitaka kumwachia dada yake, akafokewa.

"Sitaki kuachiwa, kama gauni lililomchosha mwenyewe," anasema. "Nataka bosi anichague mimi, na mdogo wangu yupo, anaona kwa macho yake."

Mumewe ameshakubali kubaki na mtoto. Bosi ameahidi jibu Ijumaa.

Chini ya meza, mchora ramani amevaa buti mpya, ngumu, zinazomfinya vidole. Anashinda nazo ofisini tangu Jumatatu, na akienda kuchukua karatasi kwenye printa anachechemea.

"Acha ziniume hapahapa," anasema, akijikaza kutabasamu. "Mlimani nina kazi."