Makopo ya Masetla Kando ya Mto

Binti yangu alipotimiza miaka kumi na minne, mimi na mama yake tulikuwa tumeshaachana. Wao walibaki Edmonton, kaskazini mwa London, mimi nikapanga chumba Barking, mashariki mwa jiji hilohilo. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu.

Jumamosi moja alinipokea stesheni na baiskeli mbili, yake na ya jirani, na kidude cha GPS alichoazima shuleni. Akanieleza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba kuna watu huficha makopo, wakaandika kwenye mtandao yalipo, na wengine huenda kuyasaka. Ukilipata unatia sahihi karatasini, unalirudisha. Alitaka manane yaliyofichwa kando ya njia ya baiskeli, kufuata mto hadi Thames. Kila kopo lilikuwa na kadi inayosimulia habari za masetla wa kwanza waliopanda meli London kwenda kuanzisha makoloni Amerika.

Kwetu neno setla halikuwa mchezo. Mama yangu alichuma maua ya pareto katika shamba la setla, na shamba lenyewe lilikuwa la babu yake kabla ya mzungu kuja. Nikapanda baiskeli.

Kopo la kwanza lilikuwa chini ya benchi, la pili limegandishwa kwa sumaku nyuma ya nguzo ya daraja. Alicheka kila alipogusa bati. Kadi ya nne ilimtaja mwanamke aliyeondoka na watoto watatu akafika na mmoja.

"Baba, wewe ulikuja na nini?" akaniuliza.

Nikaanza kumweleza kwa Kiswahili, nikarudi nyuma hadi kwa mama yangu na pareto.

"Polepole, Baba. Sema kwa Kiingereza."

Kwa Kiingereza kisa kilitoka kikavu kama taarifa ya polisi. "Pole," akasema, kama unavyomwambia mtu uliyemkanyaga kwenye basi.

Kwenye kopo la sita alisema bila kuinua kichwa, kalamu mkononi: "Mama amepata kazi Kanada. Tunahama mwezi wa nane."

"Amekutuma uniambie?"

"Alisema itakuwa rahisi zaidi nikikwambia mimi."

"Na wewe unataka kwenda?"

Alifikiri. Nilitamani anidanganye.

"Nataka."

La saba tulilipata, akatia sahihi, akalirudisha. La nane tulilitafuta saa nzima kwenye majani yanayowasha, hadi mikono ikatuvimba. Nikamwambia tutarudi Jumamosi ijayo. Akasema Jumamosi ijayo wanaanza kufungasha.

Waliondoka. Nilirudi pale peke yangu mara tatu, nikipekua kila shina, wapita njia wakinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mwishowe, kwenye kompyuta ya maktaba, nikasoma kwamba kopo la nane lilikuwa limeondolewa tangu majira ya baridi. Tulikuwa tumehangaikia kitu ambacho hakikuwepo.

Nikamwandikia binti yangu barua pepe kumweleza. Alijibu baada ya wiki mbili, akasema hakumbuki ni kopo gani.