Kiti cha Kushoto kwa Mzee Bura

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa nimeajiriwa kufagia na kupika chai kwenye redio yetu ndogo pale Karatu mjini, ghorofani juu ya duka la pembejeo. Nikaingia studio na ndoo yangu, nikakuta mashine mbili kubwa za chuma zimejaa vumbi, nikazipangusa na kitambaa kibichi, mpaka kile kijiti chenye sindano. Mzee mmoja mrefu akatokea mlangoni. Akaangalia kitambaa, akaangalia sindano, akaniambia nirudi kwetu Ganako nikapanguse ng'ombe. Nikaondoka. Kesho yake asubuhi nikaja kufagia kama vile sikumsikia. Huyo ndiye Mzee Bura, mtangazaji wa kipindi cha nyimbo za zamani, na nawaambia mapema: atakayemsema vibaya tutagombana.

Najua mtacheka. Kumbukumbu za kazi wanaandika wastaafu wenye mvi, na mimi bado bodaboda wananiita sista. Lakini kazi yenyewe imestaafu kabla yangu, sasa nani awasimulie? Hawa wanaokuja redioni leo wanabonyeza kompyuta na wimbo unaanza. Hawajawahi kuogopa wimbo.

Kwanza majina. Watu wanasema gramafoni. Mbele ya Mzee Bura ukisema gramafoni umekwisha. Gramafoni ni ya sebuleni, anasema, unaweka santuri, unakaa kwenye kochi, ikichelewa kuanza nani anajali. Baba yake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa Oldeani, na nyumba ya mwenye shamba ilikuwa nayo moja, ya mbao, yenye milango kama kabati la vyombo. Jioni vibarua wa Singida na wa Mbulu walisimama nje ya uzio wakisikiliza, na Mzee akiwa mdogo alikuwa katikati yao. Zetu zilikuwa mashine za studio. Sahani yake, yaani lile duara la chuma linalozunguka, ukilibeba unahema. Zilikaa juu ya meza ya zege iliyomwagwa palepale, kwa sababu barabara ya kwenda geti la Ngorongoro inapita chini ya dirisha, na lori likitikisa nyumba, sindano inaruka.

Juu ya sahani kulikuwa na kitambaa cha sufu, kilichokatwa kwenye blanketi, na juu ya kitambaa ndiyo santuri. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Chuma kizito hakikimbii papo hapo. Ukikiwasha na wimbo uanze nacho, unatoka unavutika, uuuu, kama ng'ombe anayetolewa kwenye tope. Sisi tuliita kuburuza. Wimbo ukiburuza hewani, Karatu nzima imesikia na huwezi kuurudisha. Kwa hiyo unaweka sindano, unasikiliza kwenye hedifoni mpaka uipate sauti ya kwanza, unairudisha santuri nyuma kidogo kwa mkono, halafu unaishikilia kwa ncha ya kidole huku sahani inazunguka chini ya kile kitambaa. Mtangazaji anaongea, kidole chake kiko juu. Kikishuka, unaachia. Husukumi, huvuti, na kidole hakichelewi hata kidogo. Wimbo unatoka mzima.

Aliyekuwa anaachia wakati naingia ni Fundi Mitambo, jibaba moja la Babati, linakaa kiti cha kushoto kwa Mzee Bura na kula karanga. Nilimwonea wivu mpaka namna alivyokohoa. Mimi nikileta chai nilisimama nyuma ya kioo nikaangalia vidole vyake, nikirudi nyumbani nazungusha sinia juu ya kibao, kitambaa katikati, nashika, naachia. Mama akasema mjini wamenitia wazimu. Chuo sikuwahi kukanyaga. Nilijifunza kwa kuiba kwa macho, na sioni aibu.

Fundi Mitambo alipohamia kwao Babati, Meneja wa redio akataka kumleta kijana wa chuo kutoka Arusha. Mzee Bura akamwambia anampa kiti yule mwenye ndoo. Hakuniuliza kama nataka. Alijua nataka, alishaona pua yangu kwenye kioo.

Msidhani nilianza kuachia. Niliweka sindano tu. Kuachia aliachia Mzee mwenyewe, anatangaza huku kidole kiko kwenye santuri, na mimi nimekaa pale kama mgeni kwenye msiba wa watu. Masika ikapita, kiangazi kikapita, masika tena. Jumapili moja tu, bila kuniambia neno, akainua kidole juu na kuniangalia. Nikaweka changu. Chake kikashuka, nikaachia, ukatoka safi. Hakunisifu. Alisema hewani kwamba aliyeachia ni Emiliana wa Ganako, akaendelea na salamu za watu. Nyumbani mama, sikio redioni, aliunguza maharage. Kuanzia hapo kile kiti nilikiona changu, na mtu akikikalia hata kwa kufunga kamba za viatu nilimwinua.

Sasa Meneja. Simtukani, alikuwa mtu wa suti na salamu nzuri. Akaniita ofisini akasema tunakwenda na wakati, kompyuta zimefika. Zile mashine zinapanda juu kwenye lodge moja pembeni ya kreta ya Ngorongoro, watalii wanazipenda, watasikiliza santuri wakati wa chai ya jioni. Mzee Bura anakwenda nazo, na kipindi cha Jumapili atakitangaza hukohuko, moja kwa moja hewani.

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Lodge wana mtu wao, Emi. Mzee mwenyewe amekubali."

Hilo la pili ndilo lililonikaa kooni. Nikasema nitazisindikiza nizifunge, kwa sababu wangezipasua. Tukapita geti, tukapanda kwenye ukungu, baridi ile ya kuuma meno, na pale kwenye ngazi ya lodge akatokea huyo mtu wao. Elia, chalii wa Oloipiri, Mmasai mrefu, shuka limenyooka kama limepigwa pasi, Kiingereza maji, Kifaransa nacho kipo. Akanipa shikamoo. Mimi, shikamoo, na mtu mwenyewe tumelingana karibu kila kitu isipokuwa urefu. Nikamjibu marahaba kwa sauti ambayo hata dereva aligeuka.

Nikafunga mashine, nikasawazisha kwa kikombe cha maji juu ya sahani, nikabadilisha sufu. Jioni watalii wakaja. Mzee Bura akasimulia, Elia akatafsiri, watu wakacheka. Halafu mama mmoja wa Kizungu akaomba ajaribu, na Mzee akamshika mkono, akamwekea kidole kwenye santuri, akamwambia achia. Wimbo ukaburuza kama tela. Wakapiga makofi.

Nilitaka kurusha kikombe. Nilimngoja Mzee nje kwenye varanda, pale ambapo kreta ingeonekana kama si ukungu.

"Mzee, mimi nimengoja masika ngapi kuachia? Huyo mama amefika leo na ndege."

"Wewe ulingojea kuachia hewani. Yeye ameachia kwenye chai."

"Haya. Na Elia? Jumapili ni hewani. Elia anajua nini?"

Akatoa mkono wa kulia mfukoni, akaunyoosha mbele yangu. Ulikuwa unatetemeka. Nilikuwa nimewahi kuuona ukitetemeka kwenye kikombe, nikadhani baridi, nikadhani uzee wa kawaida.

"Mzee, basi ndiyo uniite mimi. Nitaachia zote, hakuna atakayejua."

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Ukikaa wewe kushoto nitakupa zote, kwa sababu nitaona aibu. Unasikia kila kitu wewe, na uso wako haujui kuficha. Na mimi bado nataka kuachia mwenyewe, hizi chache zilizobaki. Elia hasikii tofauti. Akikaa pale nakosea kwa amani."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi nilisema usiku mwema Mzee, nikateremka Karatu na gari la mboga.

Redioni nilikaa wiki chache na ile kompyuta, nikaacha kazi. Nikawa nafanya kazi kwenye mgahawa wa shangazi karibu na stendi, na redio pale iko juu ya friji, haizimwi. Jumapili kipindi kikaanza, sauti ya Mzee ileile. Wimbo wa kwanza safi, wa pili safi, wa tatu, uuuu. Mgahawa wote ukacheka. Dereva mmoja akasema mzee wenu siku hizi anatangaza na chupa.

Nikaweka sinia chini. Nikamwambia afute maneno yake. Mzee Bura hawezi kuburuza wimbo, yuko kijana amewekwa pale, anaitwa Elia, hajui kazi, anajua kupigwa picha tu. Nikalisema hilo kwa bodaboda, nikalisema gulioni, nikalisema Ganako baada ya ibada mbele ya wazee wa kanisa. Na sidanganyi, lilikuwa tamu. Namlinda Mzee, namchafua Elia, kwa mdomo uleule.

Siku moja Elia akaingia mgahawani. Siku yake ya mapumziko, hana shuka, kavaa suruali na jaketi. Nikavua aproni kabisa, maana nilijua tunapigana.

"Dada Emi, nimesikia unayosema juu yangu," akasema.

"Umesikia vizuri. Sasa unasemaje?"

"Nauliza kama Mang'ola pia wamesikia. Huko mimi sina mtu wa kulifikisha." Akavuta kiti, akakaa. "Lodge nimeshawaambia wote ni mimi ninayeburuza. Meneja wa pale, wapishi, madereva. Nyumbani Oloipiri pia. Mzee asiulizwe na mtu."

Nikabaki na aproni mkononi. "Kwa hiyo unasikia ikiburuza?"

"Dada, nimekua nyuma ya ng'ombe. Mmoja akikohoa zizini najua ni yupi. Nisisikie ile?"

"Na Mzee anajua kama unasikia?"

"Hajui. Na usimwambie."

Nikampa chai, nikaenda jikoni nikasonga ugali kwa hasira mpaka mwiko ukavunjika. Mimi nilidhani nimepokonywa kiti na mtu asiyejua thamani yake. Kumbe amekaa pale kila Jumapili, anasikia kila kitu ninachosikia, na uso wake mkavu kama wa mtalii. Hicho ndicho nisichokuwa nacho. Uaminifu ule nilijua ni wangu peke yangu Karatu nzima, na chalii huyu ameubeba bila hata kunyanyua sauti.

Mwishoni mkono ukamshinda Mzee. Jumapili ya kuaga akashukuru wasikilizaji, akaomba msamaha. Akasema nyimbo zote zilizoburuza zilikuwa za vidole vyake, mkono umezeeka, kijana Elia asilaumiwe, hakuwahi kugusa santuri hewani hata mara moja.

Mgahawa mzima ukanigeukia mimi.

"Anamtetea tu," nikasema. "Ni Elia. Nyie hamumjui Mzee Bura, ana huruma sana."

Wakaamini. Sasa Mzee yuko shambani kwake upande wa Mbulu, anapalilia maharage, na anakasirika kwamba ameungama hewani na hakuna aliyemwamini. Alinitumia nauli ya kwenda kumwona, nikaenda, akaniagiza niandike ukweli mahali watu watausoma. Nimeandika. Vidole vilikuwa vyake, na kwangu bado ndiye mkubwa kuliko wote waliowahi kugusa santuri nchi hii.

Ila jambo moja silimezi. Karatu hadi leo wanamtaja Elia, wanasema kijana ana bahati, ametetewa na Mzee Bura hewani, kwa jina lake, watu wote wakisikia. Mimi hakuwahi kunitetea hata siku moja, kwa sababu sikuwahi kuburuza.