Mama Alipoitwa Mvivu

Katika nyumba ya tajiri wa pembe za ndovu tuliyoitumikia mimi na mama hapa Kindu, mgonjwa alikuwa mtu aliyekataa chakula. Anayekula ni mzima, na mwanamke mzima hutwanga. Mama alikula vizuri, lakini alisinzia kinuni, mchi ukiwa mkononi.

“Wee, umeolewa na kinu?” bibi mwenye nyumba alimwuliza, na wanawake wakacheka. Kisha akampiga fimbo.

“Njo uchovu tu, bibi, hakuna kingine,” mama alijibu.

Mimi nilijua zaidi. Nilipompaka mafuta penye alama za fimbo, niligusa vivimbe shingoni mwake. Watu wenye ugonjwa wa usingizi walikuwa navyo. Hao walivushwa mto, wakaachwa kibandani ng’ambo na chakula cha siku chache.

“Usiseme, mutoto wangu,” aliniambia. “Mvivu hupigwa, lakini analala kwake.”

Nikanyamaza. Sikuzoea kusema mbele za watu, kwa hiyo kunyamaza kulikuwa rahisi. Lakini kila alipopigwa nilijiuliza kama ninamlinda au ninamwua.

Asubuhi moja mama alisinzia na tonge la wali mdomoni, asilimeze.

“Kumbe ni mgonjwa!” bibi alisema, akaiweka fimbo chini, akalia kidogo. Mwili ulikuwa ule ule aliouchapa jana.

Mchana huo nilivuka naye mtumbwini, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Katikati ya mto aliamka, akauliza kama mpunga wa kutwanga umekwisha. Nikamwambia umekwisha.