Makabati ya Mafaili Yaliyofungwa Ukutani

Siku chache baada ya arobaini ya baba, ami, mdogo wake baba, alikuja nyumbani kwetu Kipawa, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka, akanywa kahawa yake mpaka ikaisha. Ndipo akasema gereji ya baba ifungwe. Hakuwa anauliza.

"Pale mbele zitakaa fremu nne za biashara," alisema. "Mama yako atapata kodi, nawe utapumzika. Mikono ya mwanamke haikuumbwa kwa oili chafu."

"Mikono yangu ina miaka kumi na mmoja kwenye oili, ami. Haijalalamika hata siku moja."

Mama akanifinya paja. Ami akamtazama yeye, si mimi, akasema atarudi na watu wa kupima.

Ukoo wa baba ni watu wa duka. Babu zake walikuja pwani hii na vitambaa na tende, na tangu hapo mwanamume wa kwetu alizaliwa nyuma ya kaunta na alizikwa akiwa ametoka kaunta. Baba ndiye aliyeiruka. Alipokuwa kijana alikwenda kukaa chini ya malori ya watu akajifunza injini, na alipomwoa mama, binti wa watu wa pwani wa siku nyingi, akafungua gereji kwenye kiwanja alichorithi mama kutoka kwa bibi. Ukoo haukumsamehe kikamilifu. Akaja akazaa mtoto mmoja, wa kike, na huyo akamaliza kidato cha nne akavaa ovaroli. Hapo wakaona msiba umetimia. Ami, mdogo wake, ndiye aliyebaki kusema kwa niaba ya wote.

Kilichoniuma ni kwamba katika jambo moja alikuwa na haki. Aliiita gereji jalala, na ilikuwa jalala kweli. Baba hakuwaga na mahali pa kuweka vifaa. Spana zilikaa kwenye viroba vya unga, bisibisi kwenye ndoo ya rangi, mapula ya kuvulia beringi yalining'inia kwenye misumari, vingine vilikuwa chini tu kwenye mchanga. Yeye alijua kila kitu kilipo. Angenyoosha mkono bila kutazama akaja na spana aliyoitaka. Alipokufa, ramani ile akaenda nayo.

Mwezi ule alikuja mwalimu mmoja mwanamke kutoka Goba, gari lake linachemsha. Pampu ya maji. Kazi ya saa mbili. Nikaitafuta spana namba kumi na nne tangu adhuhuri mpaka alasiri. Tulipindua viroba, mimi na fundi wa umeme tuliyekuwa tukifanya naye kazi, mtu wa Lushoto aliyekuwa rafiki wa baba. Haikuonekana. Mwalimu akasimama, akajipangusa vumbi kwenye sketi, akasema kwa upole, "Mdogo wangu, nilikuja kwako kwa sababu wewe ni mwanamke. Sasa watu wataniambia walijua tangu mwanzo." Gari lake likaondoka likivutwa kwa kamba. Spana niliipata kesho yake asubuhi ndani ya kiroba cha breki chakavu.

Sikulia. Nilikasirika, na hasira ya namna ile inafaa kuitumia kabla haijapoa. Nilikwenda mjini kutazama makabati ya vifaa vya ufundi, yale mekundu yenye droo nyembamba na magurudumu. Bei niliyotajiwa ilinifanya nicheke mbele ya muuzaji. Niliporudi, fundi wa umeme akaniambia kuna ofisi moja kule Temeke inahama, wamebandika karatasi getini kwamba wanauza fanicha za zamani.

"Wana makabati ya chuma," alisema. "Yale ya kuwekea mafaili. Droo nne kila moja, ndefu kama jeneza. Chuma cha zamani kile, si bati hili la siku hizi."

Nikaenda kesho yake na ovaroli yangu na mtandio kichwani. Nilitaka wanione hivyo hivyo.

Uani kwao kulikuwa na meza, viti vilivyokatika miguu, na ukutani makabati manne ya kijivu yamesimama kama askari waliosahauliwa zamu. Mtunza stoo alikuwa na daftari kwapani. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Sista, viti vya plastiki vimeisha."

"Nataka makabati."

"Una ofisi?"

"Nina gereji."

Akacheka, akamwita mwenzake aje asikie. Kulikuwa na mnunuzi mwingine pale, mfanyabiashara wa vyuma chakavu, mzani wake tayari ameutundika kwenye tawi la mti. Yeye aliyataka yote manne akayakate na kuyauza kwa kilo. Mtunza stoo akaniambia wamekwisha kubaliana, tena makabati matatu yamefungwa na funguo zimepotea miaka mingi, kwa hiyo mimi yangenifaa nini?

Nikamwomba niyaangalie tu. Nikaligonga moja kwa kifundo cha kidole. Sauti yake ilikuwa nzito. Kutu ilikuwa imeanza chini, kwenye ukingo, lakini haikuwa imekula. Nililitikisa, nikasikia kitu kinagonga ndani kwa nyuma, kwenda juu na chini. Kitasa cha namna hii hakina ujanja mwingi. Kuna fimbo ya chuma inayoshuka nyuma ya droo zote, na ikishuka inazishika. Nimefungua milango ya magari ya watu waliosahau funguo ndani tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Fimbo ni fimbo.

"Nikiyafungua hapa hapa bila kuyavunja," nilimwambia, "utaniuzia kwa bei ile ile ya kilo?"

Mfanyabiashara wa chakavu akasema mwache ajaribu, tupumzike tucheke. Mtunza stoo naye akasema haya.

Nikalilaza kabati la kwanza chali, taratibu, nikapiga goti, nikapitisha mkono kwenye tundu la chini mpaka begani. Vumbi, utando wa buibui, halafu ncha ya fimbo. Nikaisukuma kuelekea juu. Kilio kikatoka ndani, *kwaa*, na droo zote nne zikalegea kwa pamoja. Nikasimama. Hakuna aliyecheka. Nikafanya la pili, nikafanya la tatu. La tatu lilikuwa gumu, likanichana kiganja, nikafunga jeraha kwa ncha ya mtandio nikaendelea.

Ndani ya droo mlikuwa na kikombe cha chai, jozi ya viatu vya kike, mjusi mkavu, na mafaili yaliyofungwa kwa kamba. Mtunza stoo aliyasoma majina juu ya mafaili. Aliyakusanya yote akayakumbatia kifuani, kwa haraka ya mtu aliyekwisha kulaumiwa kwa kuyapoteza. Alipofika nayo mlangoni aligeuka akamwambia yule wa chakavu, "Mwachie dada yangu makabati yake." Nikalipa, nikaita kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, pamoja na wabebaji wawili.

Nilipofika Kipawa ami alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amesimama katikati ya gereji na kanzu yake nyeupe, ameikunja kidogo isiguse mchanga, na vijana wawili wa ujenzi wakivuta futi kutoka ukuta hadi ukuta. Mama alikuwa mlangoni mwa nyumba. Sikuwa nimeambiwa kuwa ni siku hiyo.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Umeleta nini tena hapo?"

"Makabati."

"Ya nini?"

"Ya spana."

Akaangalia kirikuu, akaangalia makabati, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa, na huruma ile ilinichoma kuliko ukali. "Mwanangu, watu wanabomoa, wewe unaleta fanicha?" Kisha akawageukia wabebaji. "Msishushe. Rudisheni yalikotoka."

Wale wabebaji hawakumjua, lakini waliona kanzu, kofia na ndevu nyeupe, na mikono yao ikaachia chuma. Dereva akanitazama mimi, akamtazama yeye. Nilipanda juu ya kirikuu, nikaweka mgongo wangu kwenye kabati na miguu kwenye ubavu wa gari, nikasukuma. Likateleza mpaka ukingoni, likaanguka mchangani kwa kishindo kilichomtoa jirani nje. Kona yake ya juu ikabonyea.

"Bado matatu," nikasema. "Mkitaka yabonyee yote, endeleeni kusimama."

Fundi wa umeme akaja akashika upande mmoja wa la pili. Mbebaji mmoja akasema samahani mzee, akashika upande wa pili. Ami hakuinua sauti. Alisema tu, "Baba yako alikuwa hivi hivi," akaondoka na vijana wake wa futi. Alidhani ananitukana.

Siku mbili nilisugua kutu kwa msasa, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, nikavisafisha vireli kwa dizeli na kuvipaka grisi mpaka droo ndefu zile zikawa zinakuja kwa kidole kimoja. Vyuma vya kuning'inizia mafaili niling'oa. Nikatenga: spana droo hii kwa namba zake, spana za boksi droo ile, bisibisi na koleo pale, gasketi na oili sili kule. Mbele ya kila droo kulikuwa na kifremu kidogo cha kadi, na mimi nikaandika kadi kwa kalamu nene, herufi kubwa.

Nilikosea jambo moja. Niliweka vitu vizito juu, kwa kuwa ndivyo ninavyovihitaji mara nyingi. Siku ya tatu nikavuta droo ya juu mpaka mwisho, nikavuta na ya pili nikitafuta nyundo ndogo, na kabati zima likainama mbele, polepole kwanza, halafu si polepole. Nililipokea kwa mkono na bega. Spana zikamwagika miguuni. Fundi wa umeme alipolinyanyua nilikuwa nimekaa chini, mkono umevimba, paji la uso limetoka nundu.

Jioni ile sauti ya ami ilisikika kwenye kundi la familia, dakika nzima, kila mtu akiisikiliza kwenye simu yake. Alisema anamshukuru Mungu mtoto hakufa. Alisema chuma kimesema kilichowashinda watu kusema. Alisema mwisho wa mwezi kuta zitaanguka, na wote tumsaidie mama yangu kunishauri. Shangazi zangu wakaitikia amina mmoja baada ya mwingine.

Mie nikaandika neno moja tu: "Siondoki." Nikazima simu.

Asubuhi nikaazima drili. Nikapanga upya, jeki na nyundo na mapula chini kabisa, vyepesi juu. Kisha nikasogeza makabati mgongo ukutani, moja kando ya jingine, nikatoboa chuma, nikatoboa ukuta wa baba, vumbi la saruji likanijaa kope. Nilifunga kila kabati kwa bolti nne ndefu zinazofungukia ndani ya ukuta. Bolti za namna ile zikishakaza hazitoki. Anayetaka kabati aje auchukue na ukuta.

Nilikuwa kwenye bolti ya mwisho mama alipoingia. Mama haingiagi gerejini; tangu baba alazwe mara ya mwisho hakuwa ameingia. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kanga, kizito, kimemlemea upande mmoja. Akakiweka juu ya benchi akafungua fundo. Zilikuwa spana za baba za mwanzo, zile alizonunua ujanani mwake, zimepangwa kwa ukubwa, zimepakwa mafuta. Nilidhani ziliibiwa siku za msiba.

"Nilizificha chini ya kitanda," alisema. "Niliogopa zikibaki huku utazitumia, na ukizitumia hutaacha."

Akatazama kadi moja baada ya nyingine, akizisoma kwa midomo, mpaka akafika droo isiyo na kadi.

"Hii ya nini?"

"Bado tupu."

"Basi zikae hapa." Akazipanga mwenyewe. Alivuta droo na kuirudisha mara mbili, kusikia tu inavyokwenda. Kisha akanipa simu yake nimwangalizie salio.

Alimpigia ami pale pale amesimama kando yangu. Alimwamkia, akamuuliza hali ya watoto, halafu akasema, "Shemeji, kiwanja hiki alinipa mama yangu. Sijakigawa. Watu wako wa futi waambie wasije tena." Akasikiliza kwa muda mrefu. "Najua ni mwanamke," akasema. "Nilimzaa mimi." Akakata simu, akaichukua kanga pale benchini akajifunga.

Ami alinuna muda mrefu. Kwenye sikukuu ya kwanza hakuja; ya pili alikuja, akala, akapita mbele ya gereji akitazama upande wa barabara. Hatujapatana juu ya jambo hilo na sidhani tutapatana. Namsalimia kwa heshima zote, naye ananiitikia, na kwenye harusi za ukoo bado ananitambulisha kama binti wa marehemu kaka yake bila kusema ninafanya nini. Mimi humaliza sentensi. Nasema, "Ni fundi magari, nipo Kipawa." Wengine hucheka, wengine huomba namba.

Mwaka huu nimenunua makabati mengine mawili, kutoka shule moja inayobadilisha fanicha. Mtunza stoo wa huko naye aliniuliza nina ofisi gani. Moja lina droo isiyokubali kufunga mpaka uipige teke, na wateja huruka inapolia. Nimeiacha hivyo.